Urefu wa Casimir

Casimir, mtoto wangu wa kwanza, huwa anakuja mchana, nikiwa nimeegemea ukuta na sinia la maharagwe magotini. Usingizi wa mchana ni mwepesi kama maji ya pembeni ya ziwa, mtu anaweza kuuvuka bila kukunja suruali. Basi yeye anauvuka. Nyayo zake zina udongo wa manjano wa Lulimba, kule alikokwenda kuchimba dhahabu. Anakaa chini, ananyoosha ile miguu yake mirefu mpaka inafika mlangoni, halafu anauliza dagaa wetu wa ziwani, "Mama, ndagala iko?" Namwambia iko. Mbuzi wa jirani analia, nafungua macho, na mlangoni hakuna miguu.

Shimo la Lulimba lilianguka wakati wa mvua kubwa. Waliofukua walipata koleo lake na kofia yake. Mwili hapana. Na kulikuwa na mmoja aliyesema alimwona Casimir asubuhi ile akitoka kutafuta tumbaku. Mmoja tu. Neno la yule mmoja nililiweka kifuani nikalilea, miaka na miaka. Kila jioni nilimwachia Casimir bugali na ndagala kidogo kwenye sahani, nikaifunika. Asubuhi nilimwagia kuku. Nilijua vizuri kwamba wanaokula ni kuku. Na jioni niliweka tena.

Baada ya miaka hiyo yote, mchana mmoja akaja Henri, mdogo wake Casimir, anayefundisha hesabu kwenye shule ya sekondari hapa Baraka. Solange, mke wa Casimir, ambaye aliishi na mimi muda huo wote, alisimama nyuma yake akitazama vidole vya miguu. Nikajua wamekwisha kuongea.

Kwa ukoo wetu, mke wa mtu aliyepotea haolewi mpaka mama wa mtu yule akubali kumlia. Mwili ukikosekana, tunakata shina la mgomba, tunalifunga shuka, mama analipakata na kulia, kisha linazikwa kama mtu. Mama asipolia, hakuna mazishi, na mwanamke anabaki amefungwa pale pale. Na Darius, fundi wa mitumbwi, alikuwa anamtaka Solange. Mtu mwema, mikono yake inanuka lami, lakini mwema.

"Mama," Henri akasema, "tufikiri kidogo kama bantu bakubwa. Angekuwa muzima, angetuma habari. Hakutuma. Basi?"

"Basi we unajua hesabu, baba."

"Si hesabu, Mama. Ni akili tu."

"Na huyu anakuyaka muchana, ni nani?"

"Ndoto ni mambo ya tumbo. Unakula maharagwe, unalala umekaa."

"Na tumbo yangu ilijua namna gani kama anapenda ndagala?"

Solange akacheka, akaziba mdomo na mkono. Kicheko chake nilikuwa nimekisahau. Kilipita uani kama ndege asiyejua atue wapi.

Jirani yangu Waridi akachungulia juu ya ua. "Eh, Mama Casimir! Ukikatala, huyu mutoto atazeeka hapo, mutakuwa munakandana magoti!"

"We Waridi, nani alikuita?"

"Mi natafuta mbuzi yangu."

"Mbuzi yako iko nyuma yako."

Akageuka, akamwona mbuzi wake, wala hakuondoka.

Nikamwuliza Henri, "Nikimuzika Casimir, mutaniita mama ya nani?"

Ni Solange aliyejibu, tena swali ambalo sikuliuliza. "Mama," akasema polepole, "ile sahani, mi pia naongezaka ndagala. Ukishalala. Naona umeweka kidogo, naongeza, nafunika." "Nimechoka kufunika, Mama."

Na mimi siku zote asubuhi nilikuwa nashangaa mbona ndagala ni nyingi. Mtu anaweza kujidanganya mwenyewe akiwa ameketi kwake, hamkosei mtu. Lakini huyu binti wa watu nilimweka adanganye pamoja nami mpaka akaanza kuota mvi.

"Mukate mugomba," nikasema.

Siku ya kulia, ukoo wakaja, wa Fizi na wa huku ziwani, na pasteri wetu na Biblia yake. Vijana wakaniletea shina limefungwa shuka nyeupe, wakaniwekea mapajani. Kila mtu akasubiri. Nililipapasa kutoka juu mpaka chini. Machozi hayakuja.

"Huyu si Casimir," nikasema.

Watu wakaguna. "Mama," Henri akasema, "tulishapatana."

"Tulipatana, ndiyo. Lakini huyu ni mufupi. Casimir alikuwa anainama kwa mulango."

Nyuma mtu akacheka, akanyamazishwa. Pasteri akatazama viatu vyake. Waridi akasema kwa sauti, "Ni kweli! Mulango wangu ulimupiga kichwa kila Idi!"

Henri akafungua mdomo. Nililiona neno lake pale kwenye ulimi, limenyooka vizuri: ni mgomba tu, urefu wowote unatosha. Na lilikuwa neno la kweli, sina la kulipinga. Akalimeza. Akachukua panga kutoka kwa wale vijana, akaenda mwenyewe kwenye migomba ya kijitoni.

Kutoka pale nilipokaa nilimwona. Aliegemea mgomba mmoja, akaweka kiganja juu ya utosi wake, akatikisa kichwa, akauacha. Akaenda kwa mwingine, akajinyoosha kama siku zile walipokuwa watoto na kila mmoja anataka kuwa mrefu. Majani yalimfunika, yakamwachia, yakamfunika. Alirudi na shina begani, maji yake yamelowesha shati lote la ualimu.

"Mama," akasema, "mwangalie huyu."

Wakalifunga, wakanilazia mapajani. Kichwa kilikuwa mkononi mwangu na miguu ilifika mlangoni. Lilikuwa baridi, lina unyevu, kama mtu aliyetoka kuoga ziwani. Hapo nikalia. Solange akalia akiwa ameishika miguu.

Kaburini vijana walilishusha haraka haraka. "Polepole!" Henri akapiga kelele. "Mushike kichwa! Mutamuumiza!" Kisha akaisikia sauti yake mwenyewe. Hakuna aliyecheka.

Jioni Solange aliosha ile sahani, akaiweka pamoja na zingine. Mwezi uliofuata alihamia kwa Darius, na mimi mwenyewe nilimbebea godoro. Waridi bado anapaza sauti juu ya ua, "Mama Casimir, mbuzi yangu iko kwako?" na mimi naitika.

Juzi mchana Henri alipita akitoka shule. Nilikuwa ukutani na maharagwe yangu. Alisimama, akatazama mlango, akatazama barabara kama mwizi.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "leo amekuya?"

"Bado."

Akavua viatu. Akakaa kando yangu, akaegemea ukuta, akafumba macho.