Ndoo ya Nello

Kimbunga cha Februari kilituacha siku kumi na tisa bila umeme. Kama ilivyo desturi huku kwetu, kila nyumba ilitoa nyama yake kwenye friza kabla haijaoza, tukachoma na kula pamoja barabarani, aliyepoteza paa na aliyebaki nalo. Nello, mume wangu, alikuwa na msemo wake kwamba baada ya kimbunga mlango haufungiwi mwenye njaa.

Kwa hiyo kasuari, yule ndege mkubwa wa msituni asiyeruka, alipotokea uani, hatukuona kosa kumlisha.

Msitu nyuma ya nyumba ulikuwa umenyonyoka kama kuku aliyetiwa maji ya moto. Hakuna tunda lililobaki mtini. Katika miaka thelathini niliyoishi pale nilikuwa nimemwona kasuari mara nne tu, na kila mara niliona mgongo mweusi ukizama kichakani. Huyu alisimama kando ya kamba ya nguo, urefu wake ukinifikia kidevuni, shingo ya buluu, pembe ya kichwani imemeguka upande mmoja. Alikuwa amekonda. Migomba yetu yote ilikuwa imelala chini na ndizi zinaoza. Nello akakatakata chache, akazitia kwenye ndoo ya bati, akaiweka penye ngazi na kuigonga kwa mwiko. Siku ya tatu ndege alikula sisi tukiwa tumekaa hatua sita kutoka kwake.

Barabara ilipofunguliwa alikuja Tamsin, askari wa wanyamapori. Alitueleza kwamba wao wanaweka matunda ndani kabisa ya msitu, mahali ambapo ndege hawezi kumwona mtu, ili asijue chakula kinatoka kwa nani. Nello akamuuliza kama ndege huyo ameshapelekewa barua ya kumwelekeza huko. Tamsin alicheka, kisha akaacha kucheka.

“Ile hofu yake ndiyo inayomlinda, Nello. Ukimvua, humwachii kitu.”

“Binti, anayelindwa na hofu peke yake anakufa njaa.”

Kufikia Juni msitu ulikuwa umeanza kuzaa tena. Ndoo haikuacha kulia. Mimi nilisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, kwamba tuache. Moyo wa Nello ulikuwa umeanza kumsumbua, na ile saa ya ndoo ndiyo pekee aliyoamkia kwa furaha.

Oktoba kasuari alikuja na vifaranga watatu wenye michirizi. Kwa ndege hawa baba ndiye mlezi, mama huenda zake. Vifaranga wakapita katikati ya miguu ya Nello, naye akavua mabuti polepole asije akamkanyaga mmoja.

Lakini yule baba sasa alikuwa akisimama barabarani kungojea magari. Siku moja aliingiza kichwa dirishani kwa wageni na kumchubua mtoto mkono. Tamsin akarudi. Alisema ndege akijeruhi mtu tena atahamishwa mbali, na vifaranga bila yeye hawataishi. Njia iliyobaki ilikuwa kumtia woga upya: kumwagia maji, kupiga kelele, kugonga vyuma.

“Nimemwita mwenyewe,” Nello akasema. “Leo nimfukuze kama mwizi?”

Wiki hiyohiyo alilazwa hospitali ya Innisfail. Mimi nikamwahidi Tamsin kwamba nitaifanya kazi hiyo, maana niliwataka wale vifaranga wakue. Nilificha ndoo. Kwa siku tisa nilimwagia kasuari maji kwa mpira wa bustani, naye akasimama palepale na kulowa, kama vile ni mvua tu imenyesha.

Siku ya kumi, asubuhi, nilimwona ng'ambo ya barabara, ukingoni mwa shamba la miwa, na watoto wake. Nikawaza, nikimtisha sasa ataingia kwenye miwa na kubaki upande huo. Nilichukua sufuria na upawa, nikaenda hadi getini, nikagonga kwa nguvu zangu zote.

Aliinua kichwa. Kisha akaja mbio, kama alivyozoea kuja.

Dereva wa lori la ndizi alijitahidi kufunga breki.

Vifaranga wawili walikimbilia kwenye miwa. Wa tatu alibaki kando ya baba yake. Nilimpungia mikono, nikampigia kelele aende. Akanijia, akadonoa kamba ya kiatu changu.

Alasiri nilikwenda hospitali. Nello aliuliza, kama kila siku, kama mzee mwenzake amekuja. Nikamwambia yote.

“Uligonga nini, Pina?”

“Sufuria. Ndoo nilikuwa nimeificha.”

“Yeye angejuaje tofauti?” Hakuisema kwa ukali. Kisha akanishika mkono. “Mimi ndiye niliyemfundisha.”

Tamsin alimchukua yule kifaranga kwenye kituo chao. Hawakuweza kumrudisha msituni, kwa sababu yeye humfuata kila anayepita. Wale wawili hawakuonekana tena, na sijui kama niite hiyo habari njema.

Nello alirudi nyumbani, akaishi miezi saba. Ninaandika haya kwa sababu nimebaki mimi tu ninayeikumbuka ile pembe iliyomeguka. Katika miezi ile yote tuliosha vyombo pamoja, na kila sufuria tuliiweka chini kwa mikono miwili, taratibu, isitoe sauti.