Sanamu Isiyovunjika

Nimechoka. Uchovu wa kukanda udongo huisha ukilala. Huu wangu ni wa kubeba magonjwa ya kijiji kizima. Mtu akiumwa goti, mimi ndiye ninayejiwa. Namfinyangia mwanamke mdogo wa udongo, namchoma, wenye mgonjwa wanamvunja goti, na kipande kinatupwa jaani kwenye maganda ya chaza ili ugonjwa ukakae huko. Ndiyo maana tunafinyanga mguu mbali na kiwiliwili mbali, tukaviunga kwa kijiti chembamba. Kazi ya sanamu ni kuvunjika. Tangu ujana wangu nafinyanga vitu vibovu makusudi, na hakuna aliyewahi kunishukuru vizuri.

Mialoni ilipoanza kupukutika, Hatoma, binti yangu wa pekee, alirudi kutoka mtoni kuloweka njugu za mwaloni, akaanguka mlangoni. Paja la kulia lilikuwa limevimba, linawaka moto. Alijikata kwa jiwe siku nne nyuma, akanificha ili asinichoshe zaidi.

Nikakaa na udongo, nia yangu kufanya kama siku zote. Nilipofika usoni, nikajikuta naweka nyusi zake. Basi, nikaanza kumfinyanga yeye. Nikachanganya mchanga laini, nikakanda mpaka viwiko vikauma, nikamtoa bonge moja bila kijiti, maana sikuweza kumkata mwanangu mguu hata wa udongo. Siku sita alikauka kando ya meko, ya saba nikamchoma. Hakutoka na ufa hata mmoja. Nikafurahi, mjinga mimi.

Mukari, dada wa marehemu mume wangu, alimgeuzageuza mkononi.

"Wifi, huyu mzuri mno."

"Ulitaka nimfanye mwanangu kinyago?"

"Usinirukie. Kiungo kiko wapi?"

Nikashika kuchochea moto.

"Mwenzangu! Umesahau kijiti?"

"Sikusahau."

Akanitazama, akaelewa. "Umemfinyanga wa kuweka, wifi. Sisi tulitaka wa kupeleka."

Akachukua jiwe, akagonga paja la sanamu. Ko. Akagonga tena, jiwe ndilo lililomeguka. Ulimi hauna mfupa, na wa wifi yangu ndio kabisa, lakini safari hii aliokota tu vipande vya jiwe.

"Lete hapa," nikasema. Nikamlaza juu ya jiwe la kusagia, nikapiga kwa hasira zangu zote. Kikang'oka kichwa.

Hatoma alikuwa akitutazama kutoka mkekani. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mama, si mguu?" Akajaribu kucheka. "Yaani hata kuvunja hujui."

"Nitafinyanga mwingine. Ngoja tu, mwanangu."

"Pumzika kwanza."

Sikupumzika. Wa pili nilimfinyanga upesi, hana uso wala nini, nikamuunga inavyotakiwa. Alikuwa bado mbichi tulipomzika Hatoma.

Hakuna aliyenilaumu. Walileta mchuzi wa samoni, wakakaa nami, wakaondoka. Ningepona kidogo kama mtu mmoja angenitukana. Hata Mukari, aliyezoea kunichamba kwa chungu kilichopinda, alinifagilia nyumba kimya kimya, na kimya chake kilinichosha kuliko kilio.

Siku ya tatu Isope, jirani wa ng'ambo ya kijito, alisimama mlangoni na mwanawe mgongoni. Hakuthubutu kuingia.

"Dada, nisamehe. Najua si wakati wake."

"Si wakati wake kweli."

"Anachemka tangu jana. Sina pengine pa kwenda."

Nilitaka kumfukuza. Nilitaka kulala mpaka theluji ianguke na kuyeyuka. Mtoto akakohoa, akaanza kuinua kichwa begani kwa mama yake anione.

"Anaumwa wapi?"

"Mkono, wa kushoto."

Nikavuta bonge la udongo, nikalimwagia maji.

"Basi mgeuze aangalie huko nje," nikamwambia. "Nisimwone uso."