Feni, Honi na Kuku wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa hajawahi kuniambia neno hata moja. Miaka minne nimemuoa binti yake Benedikta, na kwa miaka yote hiyo nikiingia uani kwao Nkololo, yeye anaingia jikoni. Si kwamba alinichukia. Ni heshima ya zamani aliyoishika kuliko majirani zake wote: mama haongei ana kwa ana na mume wa binti yake, hamtazami usoni wala hali naye. Mimi ni mtu wa Machame, nimeletwa Bariadi na kazi ya ofisi ya ardhi, na kwetu mama mkwe anakukalisha na kukuhoji mpaka pombe ya mbege inaisha. Huku nilijifunza kukohoa nikikaribia nyumba, ili apate muda wa kupotea.

Siku ya harusi ya Precious, mdogo wake Benedikta, viti vilipungua. Basi dogo la kukodi liliwabeba mashangazi, na mashangazi wa ukoo huu si watu wa kujibana. Lilipoondoka kwenda kanisani Bariadi, mama wa bibi harusi alikuwa bado anafunga masufuria. Baba mkwe, mzee Mayige, akanipigia simu kwa unyonge: limebaki gari lako tu, Eliaichi. Ndoa ilikuwa saa nane kamili, padri alikuwa na ndoa nyingine nyuma yake, na Precious ameapa hataingia kanisani bila kumwona mama yake mlangoni. Nikamwambia mzee alale usingizi, gari langu halijawahi kuniaibisha.

Hilo lilikuwa kweli mpaka siku ile. Wiki nzima nilikuwa nimeona kwamba gari limetulia sana nikiegesha. Ule mvumo wa feni ya rejeta sikuusikia tena. Mtu mwenye akili angefungua boneti. Mimi nilijipongeza kwa matunzo mazuri.

Saa tano mama akapanda kiti cha nyuma, pale ambapo kioo changu hakimfikii, amempakata kuku jike mwekundu wa zawadi. Nikauambia usukani kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Mara nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa karibu, nzito na yenye mapozi, ikimwambia kuku:

"Ngoko, leo tunasalimiwa. Nasi hatujambo."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikatia gia.

Barabara ikiwa nyeupe, upepo ulipooza injini na mambo yakaenda vizuri. Shida ilianza tuliponasa nyuma ya lori la pamba lililokuwa likitambaa kupisha mafundi wa kalavati. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Nyuma yangu mama akamuuliza kuku mbona kuna harufu ya chungu kilichosahaulika jikoni. Baadaye akamweleza kwamba hata mashine ya kusaga ya mzee Mayige ina feni, na feni ile isipovuma, hakuna anayethubutu kusaga. Kudakia maongezi ya mama mkwe na kuku wake ni utovu wa adabu, na sikutaka kuharibu siku.

Badala yake nikafanya ujanja niliouona kwenye simu: nikafungulia hita mpaka mwisho ili ivute joto la injini. Kweli ilivuta, ikalileta lote ndani. Jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi.

"Ngoko," mama akasema, "wewe ulijua utapikwa leo. Mimi sikuambiwa."

Hatua chache mbele mvuke ukafumka kwenye boneti, nikaegesha mbele ya kibanda cha fundi pikipiki. Saa sita kasorobo. Nilishuka nikijilaani kwa sauti, kwa Kichaga, ili mama asielewe. Nadhani alielewa.

Fundi aliitwa Mboje, kijana mpole mwenye bisibisi sikioni. Tulisubiri injini ipoe, maana kifuniko cha rejeta ukikifungua kikiwa cha moto, uso wako hautafaa kwa picha za harusi. Wakati tunasubiri nilimpa mhadhara mrefu kuhusu thamostati, pampu ya maji na gasketi. Akanisikiliza kwa heshima yote. Kisha akawasha gari, akangoja mshale upande kidogo, akainama kwenye rejeta na kusema, "Braza, feni haizunguki."

Kutoka dirisha la nyuma: "Ngoko, umesikia? Tulisema lini?"

Mboje akageuka kumtazama mama, akamtazama kuku, akanitazama mimi. Nikamnong'oneza kwamba ni mambo ya ukwe, achape kazi. Akaelewa mara moja, naye ni wa huku.

Akatoa fyuzi ya feni, akaiinua juani: nzima. Akachomoa soketi ya feni, akaiunga moja kwa moja na betri kwa nyaya zake mbili. Feni ikazunguka kwa kishindo na mimi nikapiga makofi. Nikasema basi, funga hivyohivyo twende. Lakini nyaya zake zilikuwa za taa ya pikipiki, nyembamba, na kabla sijamaliza sentensi zilianza kutoa moshi. Mboje akazitupa chini, akawa anapuliza vidole. Mota ya feni ni nzima, akasema, umeme tu haufiki. Nyaya nene hana, za karibu ziko Bariadi. Akashauri tulivute gari.

Saa saba ikagonga. Benedikta akapiga simu, akauliza tuko wapi, nikasema tumekaribia. Akauliza tumekaribia wapi, nikasema mtandao unakatika. Nikakaa kwenye tairi kuukuu na kwa mara ya kwanza nikaogopa kweli. Akilini nilimwona Precious amesimama mlangoni na shela lake, padri anatazama saa, na ukoo mzima unasema ni yule mkwe wa Machame.

Hapo mama akamwinua kuku mpaka dirishani, wakawa wanatazamana.

"Ngoko, ile mashine yetu ikigoma, mzee hachomoi nyaya. Ana vidude viwili vinavyofanana. Anatoa kile kinachofanya kazi, anakiweka kwenye nafasi ya kile anachokishuku. Sasa sijui kama gari halina vidude mapacha."

Mboje akafungua lile sanduku jeusi la fyuzi pembeni ya betri, akakuta relei, vile vidude vya kuwashia umeme, zimepangwa mstari, akasoma kifuniko kwa kidole. Relei ya feni na relei ya honi zilikuwa za aina moja. Akachomoa ya honi, akaipachika kwenye feni. Nikawasha gari. Mshale ukapanda, ukapanda tena, na ghafla ule mvumo nilioukosa wiki nzima ukarudi. Sijawahi kusikia muziki mzuri namna ile.

"Asante sana kwa msaada," Mboje akasema, akimwinamia kuku.

Tukajaza maji, tukaondoka. Gari lilikuwa na feni lakini halikuwa na honi, na mimi nilidhani honi ni kitu cha kujivunia tu. Nilikuwa nimesahau kuwa Jumamosi ile palikuwa na mnada.

Ng'ombe walikuwa wamejaa barabara nzima kutoka ukingo hadi ukingo, na wachungaji wao walikuwa mbali mbele wakipiga soga. Nilibonyeza honi kwa mazoea. Kimya. Nikatoa kichwa nikapiga kelele, nikapiga mlango kwa kiganja. Fahali mmoja akageuka, akanitazama kama afisa anayemtazama mtu asiye na kiambatanisho, akaendelea kutembea. Zilibaki dakika ishirini.

Kioo cha nyuma kikashuka. Mama akampa kuku nafasi ya kukaa, akajitoa dirishani mpaka kiunoni, kilemba na yote, akatoa mwito ambao mpaka leo siwezi kuuandika. Ulianzia chini tumboni na kuishia juu kabisa na mluzi. Ng'ombe wote wakasimamisha masikio. Kisha wakagawanyika, nusu kulia, nusu kushoto, na mimi nikapita katikati, polepole, feni ikivuma. Ukwe unamzuia kusema nami, lakini ng'ombe hawajamuoa binti yake.

Aliita njia nzima. Aliita kwenye mbuzi, kwenye baiskeli, na kwa askari mmoja wa barabarani aliyeruka pembeni na kutupigia saluti. Tulipoingia Bariadi, magari ya msafara yalikuwa yanapiga honi kwa pamoja mbele ya kanisa, na letu likajibu kwa vigelegele vya mama wa bibi harusi. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tatu. Precious alituona, akacheka, akafuta machozi kwa shela.

Mama akashuka. Nikainamisha macho, kama inavyotakiwa. Nikaona miguu yake inasita, inarudi, na kuku mwekundu anawekwa mikononi mwangu.

"Ngoko," akasema, "wewe hutachinjwa. Tutakula vingine. Wewe kaa na mwanetu, ili mimi nikiwa na neno nijue pa kulipeleka."

Mwanetu. Nilisimama ibada nzima nimembeba yule kuku, na katika picha zote za harusi nipo naye, macho yetu sote mekundu.

Sasa anaishi nyumbani kwangu. Kila Jumapili nampakia kwenye gari tunakwenda Nkololo, na mama hapotei tena jikoni. Anakaa nyuma ya mlango, kuku anakaa kizingitini, nasi tunaongea mpaka jua linazama. Tukiwa na safari ya mjini, mama ndiye anayefungua njia kwa mwito wake.

Relei ya honi inauzwa duka la tatu kutoka ofisini kwangu. Napita pale kila asubuhi bila kuingia. Benedikta anadhani ni uvivu.