Mkono wa Mkaza Mwana

Stesheni ya Homa Bay haikuwa na reli hata kipande. Ilikuwa na gati, dirisha la tikiti na meli ya Kisumu, ambayo mwaka huo wa 1993 ilikuja ilipojisikia. Ndiyo maana siku ilipotokea watu waliivamia utadhani inagawa chakula cha bure.

Motari alitangulia melini na mizigo. Mkewe, Edinah, alimfuata baba mkwe wake kwa nyuma, mbali kidogo, kama inavyotakiwa. Tangu aolewe hakuwahi kumpa Mzee Mayaka mkono. Kwa Wakisii hiyo ni chinsoni: mkaza mwana na baba mkwe hawagusani, na anayethubutu huaibisha boma zima. Hata chai aliiweka mezani akaondoka, ndipo mzee aichukue.

Watu wakasukumana, na ghafla mzee hakuonekana. Edinah alichungulia ukingoni, moyo ukamruka. Mzee alikuwa akining'inia kwenye tairi lililofungwa ubavuni mwa gati, maji yakimfika kiunoni. Wimbi lilikuwa limeisukuma meli mbali kidogo, na ilikuwa lazima irudi imbane hapo.

"Saidieni! Mzee ameanguka!"

Honi ikalia, ikameza sauti yake. Akalala kifudifudi, akanyoosha mkono.

"Wacha!" mzee akafoka. "Usinishike! Ita Motari!"

"Motari yuko ndani, Baba. Leta mkono."

"Nimesema ita kijana yangu!"

Meli ikaanza kurudi. Edinah alimwogopa mzee kuliko alivyoliogopa ziwa. Alijua mama mkwe angesema nini, na wanawake wa boma pia. Halafu akapandwa na hasira. Afe hivi hivi, eti adabu? Akamkamata mkono. Mwanamke aliyezoea kubeba mikungu ya ndizi sokoni hakushindwa na mzee mkondefu. Alipomfikisha juu tu, meli ikaligonga lile tairi, puu!

Sasa ndipo watu walipojaa. Motari akaja mbio.

"Nani amemtoa?"

Edinah aliinamisha kichwa.

Mzee Mayaka, mzee wa kanisa la Sabato, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo, alijipangusa uso.

"Sijui," akasema. "Maji yaliniingia machoni."

Edinah nusura aangue kilio kwa furaha. Motari alikitazama kichwa cha baba yake, kikavu kabisa, kisha mkono wa mkewe, umelowa hadi kiwiko. Hakuuliza tena.