Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Wiki moja baada ya kumzika mama yake, Lukresia alimfungulia mlango mkaguzi wa majengo. Aliitwa Sixbert, mfanyakazi wa kujitegemea, hana undugu na mwenye nyumba wala mpangaji. Wapangaji wenzake Lukresia pale mtaa wa Bombambili ndio waliomwita. Yeye mwenyewe hakuwa na nguvu ya kumwita mtu.

"Pole na msiba, dada."

"Asante, nimeshapoa."

Akampeleka chumba cha nyuma. Ukuta ulikuwa umeangukia ndani alfajiri ya mvua kubwa, mama akiwa kitandani. Sasa pamezibwa kwa turubai. Lukresia alieleza yote kama anayesimulia habari za mtaa mwingine: ufa ulianza kiangazi, wakamwambia mwenye nyumba, naye akaja akaupaka chokaa.

Sixbert alipiga picha, kisha akachimba chini ya ukuta uliobaki.

"Hapa hakuna msingi," alisema. "Matofali mabichi yamepangwa juu ya udongo mtupu."

Mwenye nyumba, mzee Tadei, akaingia uani.

"Shikamoo," Lukresia alimwamkia kwa mazoea.

"Marahaba. Mwanangu, juzi tumezika pamoja, leo unaniletea wakaguzi? Marehemu alikuwa akimwaga maji ya vyombo hapo. Ndiyo maana ukuta ukalowa."

Lukresia aliingojea hasira. Haikuja. Alijisikia tu akisema, "Mama alikuwa hatembei, mzee. Hata kikombe nilimshikia mimi."

Mzee Tadei alivua kofia, akalitazama shimo.

Taarifa ya Sixbert iliposomwa kwenye kikao cha mtaa, ikaamuliwa vyumba vya upande ule visikaliwe mpaka vijengwe upya. Mzee Tadei alikubali mbele ya watu. Wapangaji walimshika Lukresia mkono mmoja mmoja, wengine wakilia. Yeye aliitikia tu, "Haya, asanteni," akaenda kufunga mizigo.

Bodaboda ilimfikisha Matogoro kwa dada yake, Getruda, aliyekuwa amemwandalia ugali na maharage.

"Kula, mdogo wangu."

Akala, bila kujua ladha. Alipoonyeshwa chumba, aliusukuma ukuta kwa kiganja, kisha kwa bega, kwa nguvu zake zote. Haukutikisika.

Hata hivyo alivuta godoro hadi katikati ya chumba, akalala hapo.