Kibuyu cha Mkwe

Mimi pombe siijui. Naanza na hilo kwa sababu ukifika kwetu chini ya mlima wa Sagalla ukauliza habari za Mwendwa wa Ndambuki, utaambiwa, ah, yule mlevi? Utaambiwa Krismasi ya mwaka wa tisini na tano nilikunywa mbele ya baba yangu mzazi nikatapika. Ni kweli nilitapika. Lakini nisikilizeni kwanza.

Mume wangu Mutunga ni fundi wa kuchomelea vyuma, na tunakaa Changamwe, Mombasa. Kila Disemba tunapanda kwenda Voi kwetu, na kutoka mjini tunatembea hadi shambani kwa baba. Sisi ni Wakamba ila majirani wengi ni Wataita, na kwa baba Krismasi si chapati wala kuku. Krismasi ni pombe. Mama anapika ya asali. Silvanus, jirani yetu, anashuka mlimani na ya miwa. Mjomba Josephat anatoka Taveta na jerikeni la pombe ya ndizi, ameliegemeza begani utadhani amebeba mtoto. Kila mmoja anaapa yake ndiyo pombe, za wenzake ni maji ya kuoshea vyombo. Kwa hivyo baba akaweka sheria: mwamuzi ni mkwe, maana mkwe hana upande. Anaonja zote tatu kabla mtu mwingine hajagusa, halafu anasema ni ipi imeshinda.

Na Mutunga aliijua hiyo kazi, jamani! Anafumba macho, anaizungusha mdomoni, kisha anasema, "Hii ya Silvanus imepikwa na mtu aliyegombana na bibi yake." Watu wanavunjika mbavu. Baba alimpenda kwa hilo, na kuna wakati nilifikiri anampenda kunishinda mimi.

Jambo ambalo hawakulijua ni kwamba Mutunga alikuwa ameacha pombe tangu Aprili. Siku moja nilienda matangani nikamwachia mtoto wetu Ndulu, ambaye hata miaka mitatu alikuwa hajafikisha. Jioni bwana akarudi anaimba, mikono mitupu. Nikamuuliza mtoto yuko wapi, akanitazama tu. Tulimkuta baa, amelala chini ya meza kati ya vizibo vya chupa. Mutunga alipiga magoti hapo hapo sakafuni mbele ya walevi wenzake, akalia. Tangu siku hiyo hajagusa. Jioni nyingine alitetemeka mwili mzima, anakunywa maji mpaka tumbo linajaa, nami nimemshika mabega.

Kwetu sikusema. Ningesema nini? Kwamba yule mkwe mnayemsifu alimsahau mjukuu wenu baa? Niliona haya. Nilitaka waendelee kuamini niliolewa vizuri. Nikamwambia Mutunga mwaka huu tusiende, tuseme mtoto mgonjwa.

"Tutaenda," akasema. "Nitawaambia tumbo linaniuma. Nani atabishana na tumbo?"

Tukaenda. Mvua zilikuwa zimekataa na maji yalikuwa taabu tupu. Maji ya kupikia pombe mama aliyafuata bombani, mbali, akayabeba mgongoni na kamba kichwani, safari juu ya safari. Nilipomwamkia niliona alama ya ile kamba kwenye paji la uso wake. Yeye anacheka tu. "Mwaka huu Josephat atanitambua," akaniambia. "Mwambie mume wako aonje pole pole." Kumwambia mwenyewe hawezi. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakaribiani wala hawatazamani usoni, ndiyo heshima. Mama hukaa jikoni akitega sikio, akingoja kusikia mkwe amesemaje.

Siku yenyewe tulitoka kanisani, tukala, kisha baba akaketi na wenzake uani. Akajaza kibuyu kutoka kwenye mtungi wa mama.

"Mkwe, karibu kazini."

"Baba, leo unisamehe. Tumbo linanisumbua tangu juzi."

"Tumbo? Na hii si ndiyo dawa yake!"

Wakacheka. Mutunga akatikisa kichwa tena. Hapo kaka yangu Kiilu, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akasema, "Mwacheni. Mombasa wanakunywa bia baridi ya chupa. Hii yetu sasa ni ya washamba."

Kicheko kikakatika. Jikoni sauti ya vyombo ikanyamaza, nikajua mama amesimama kusikiliza, na ile alama yake kwenye paji.

Baba hakucheka tena. Pombe iliyomiminiwa mkwe hairudi mtungini. Ikirudi, ni sawa na mkwe kuikataa nyumba yetu. Ni lazima iishie kwenye nyumba ya mkwe mwenyewe. Akainuka, akamtia Mutunga kibuyu mkononi, akamwambia kwa upole, "Onja tu, mwanangu. Kidogo."

Kibuyu kikaegama mkononi mwa Mutunga. Pombe ikamwagikia kidole, naye akakitazama kile kidole. Wengine walimwona mtu mwenye aibu ya kukataa. Mimi nilimwona mtu anayetaka kukilamba kidole chake. Alikuwa ameanza kukiinua mdomoni.

Ningeweza kusema, baba, huyu mtu ameacha pombe, mwacheni. Maneno machache tu. Sikuyasema, kwa sababu wangeuliza kwa nini aliacha. Nikasimama.

"Baba, mimi ni nyumba ya nani?"

"Unasemaje wewe?"

"Si uliniozesha kwa Mutunga? Mimi ndiyo nyumba yake. Lete hapa."

Nikamnyang'anya kibuyu nikanywa. Mwanamke wa umri wangu kwetu hanywi mbele ya baba yake. Hata mabibi wazee wana kona yao, wanakunywa wakiwa wenyewe. Nilisikia mtu akisema "Yesu!" Sikuacha. Ya mama ilikuwa tamu mwanzo, kisha ikashuka na moto. Nikanyoosha mkono kwa Silvanus, nikanywa ya miwa. Nikanywa na ya Josephat, yenye harufu ya ndizi zilizosahaulika kabatini. Nilitaka vibuyu vyote vya mkwe viishe, asibaki na hata kimoja cha kuletewa.

Kisha nikatoa hukumu. Eti mimi! "Ya mama imeshinda! Josephat, hiyo yako umeoshea miguu!"

Hakuna aliyecheka. Yaliyofuata nayajua kwa kuambiwa. Niliimba wimbo wa kanisa kwa maneno yasiyo ya kanisa. Nilimwita baba kwa jina lake. Nilianguka, na nikatapika juu ya viatu vyake vya ibada. Mutunga ndiye aliyenibeba kunipeleka ndani.

Asubuhi nilitamani ardhi inimeze. Mama alikaa kando ya kitanda, haniangalii. "Ni nani alikufundisha?" akaniuliza. "Niambie tu ni nani." Na sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kulia. Pombe yake ilikuwa imeshinda na hakuna aliyempongeza. Nikageukia ukuta.

Baba akamwita Mutunga uani, mbele ya Kiilu na Silvanus. Mimi nilisikia yote kupitia dirishani. Baba yangu, mtu ambaye sijawahi kumsikia akiomba radhi kwa mtu yeyote, alisema, "Mkwe wangu, nisamehe. Nilikupa mlevi na sikujua. Sasa naelewa kwa nini umeichukia pombe. Umevumilia mengi." Akamkabidhi mbuzi, beberu mweusi, wa kumwosha aibu.

Nikangoja Mutunga aseme. Nilishika ukingo wa dirisha nikangoja. Akainamisha kichwa, akapokea kamba. "Asante, baba," akasema. Basi.

Loo! Nilimwonea haya kuliko nilivyojionea mwenyewe. Nikafunga mizigo kwa hasira.

Tukaondoka. Yeye mbele anamvuta mbuzi, mimi nyuma na Ndulu mgongoni, kichwa kinanigonga. Karibu na mashamba ya katani tukakutana na Lois, mke wa Silvanus, anatoka bombani. Akatua ndoo yake kabisa ili amshike Mutunga mkono. "Pole, baba Ndulu," akamwambia. "Mungu anakuona. Kulea mtoto na mke wa namna hiyo si mchezo." Mimi akanipita kana kwamba sipo.

Mutunga alisimama pale mpaka Lois akapotea. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa umesawijika.

"Kaa hapa na mtoto."

"Unaenda wapi?"

"Kwa baba."

Akamgeuza mbuzi. Nikamshika shati. Nilimwambia waache waniite mlevi, nikiwa Mombasa hawanioni, itapita. Kumbe bado nilikuwa naficha, baada ya yote hayo! Akautoa mkono wangu pole pole, akaenda.

Ndipo nikakumbuka kwamba pombe zote tatu bado zilikuwepo tele. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kunywa baada ya vituko vyangu. Na Mutunga alikuwa anarudi pale peke yake, kwenda kusema neno gumu kuliko yote aliyowahi kusema, na Kiilu yuko pale na mdomo wake, na kibuyu kiko pale. Nikaketi kwenye jiwe. Jua likapanda. Ndulu akalia njaa, nikampa mkate, akalala. Nikainuka nimfuate, nikaketi tena.

Nilimsikia mbuzi kabla sijawaona. Walikuwa wawili wanashuka, Mutunga na baba. Mutunga macho yake yalikuwa mekundu. Alipofika karibu nilimshika kichwa nikamnusa mdomo, mbele ya baba, bila haya yoyote. Harufu ilikuwa ya mtu ambaye hajanywa hata chai ya asubuhi.

Baba alimtazama Ndulu aliyelala, akamtazama muda mrefu. Mimi hakuweza kunitazama. Alikuwa amevaa vile viatu vya ibada, vimeoshwa, bado vina majimaji, na alivitazama hivyo.

Akachukua kamba kutoka kwa Mutunga akanitia mkononi.

"Huyu mbuzi si wa mume wako," akasema. "Ni wako."

Nikaishika kamba. Naye alibaki amesimama, anafuta vumbi la kiatu kimoja kwa kingine.

"Mama yako anauliza kama kichwa bado kinauma."

"Kinauma, baba," nikamwambia.