Samaki wa Compadre

Kila asubuhi Nabor alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa, akiwatazama samaki waitwao pejegallo wakitoka baharini kumfuata jirani yake. Walielea hewani usawa wa goti, vishungi vyao vya jogoo vimesimama, wakapita katikati ya midungusi ya jangwani hadi uani kwa Eleuterio. Huko walimzunguka akila mikate yake ya tortilla, kisha wakarudi majini. Watu waliwapisha njiani kama wanavyopisha mbuzi.

Kazi ya Nabor na Eleuterio ilikuwa moja. Waliwatembeza wageni ufukweni, wageni wakarusha ndoano za manyoya, wakapigwa picha na samaki, kisha samaki akaachiwa huru. Eleuterio ndiye aliyemsimamia binti wa Nabor ubatizo, kwa hiyo waliitana compadre na kukumbatiana kila Jumapili baada ya misa. Hata hivyo, Nabor alimwonea wivu. Wageni waliposhuka garini walimuulizia yule mwenye samaki. Mkewe mwenyewe, Obdulia, alishinda dirishani akitazama uani kwa Eleuterio.

"Wanamfuata kwa sababu aliwaachia," Obdulia alisema. "Wa kwako mbona hawaji?"

Nabor akajibu kwamba wa kwake ni wavivu.

Ukweli ni kwamba kila adhuhuri, wageni wakijilaza, alitega wavu nyuma ya mwamba, mahali samaki aliyechoka kuvutwa hukimbilia kupumzika. Hakuchagua aliyeachiwa na nani. Mifupa aliifukia nyuma ya zizi. Nyumbani alipeleka minofu tu, akasema ni papa.

Wivu ulipomzidi alikwenda kanisani, akamwashia Bikira mshumaa, akaomba samaki wake nao waje.

Walikuja kesho yake, wakati wa kifungua kinywa. Walifukuka nyuma ya zizi, mifupa mitupu yenye vishungi, wakamzunguka Nabor taratibu. Mchanga uliwadondoka mbavuni. Obdulia alisimama na kikaango mkononi.

"Hao ndio papa?"

Eleuterio alivuka barabara. Alimshika mmoja aliyepinda taya, akamgeuza huku na huku.

"Huyu nilimwachia mimi, compadre."

"Bahari ni ya wote, compadre."

Eleuterio alimweka tena hewani, akaenda zake. Jumapili ile walikumbatiana kama kawaida.

Habari zilifika hotelini. Ilionekana kwamba mifupa hukamata ndoano vizuri na haichoki, kwa hiyo wageni wote wakahamia kwa Nabor. Alinunua gari jipya na kofia.

Lakini asubuhi bado alisimama mlangoni na kahawa yake, mifupa ikimzunguka, akiangalia ng'ambo ya barabara. Samaki wa Eleuterio walikuwa na macho, na yote yalimtazama Eleuterio. Obdulia naye alikuwa dirishani.

"Na wanazidi kunenepa," Nabor alisema kwa uchungu.

Ilipofika adhuhuri alichukua wavu.